Nguvu, Usafi na Ubora: Maelezo juu ya Mapokezi ya Televisheni ya Dijitali Nyumbani

Makala haya yana makusudi mawili. Kusudi la kwanza ni kueleza, kwa kadiri iwezekanavyo katika Kiswahili cha kawaida, jinsi picha ya televisheni ya dijitali inavyofika nyumbani, na sababu zinazoifanya ionekane vyema au isionekane kabisa. Kusudi la pili ni kuyapima maneno yanayotumika katika jambo hili, maana imenidhihirikia kwamba watu wengi hupata hasara si kwa kukosa vyombo vizuri, bali kwa kukosa neno la kupambanulia jambo moja na jingine.

Aliyenitia katika shughuli hii ni mjomba wangu, mkaazi wa Tanga. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta ameketi mbele ya televisheni yake, picha imeganda, uso wa msomaji wa habari umevunjika vipande vya mraba. Alikuwa amekwisha kununua antena mpya aliyoambiwa kuwa ni "antena ya dijitali", kisha akaongeza na busta, yaani chombo cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Fundi alimfungulia ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili. Mstari wa kwanza, alioutaja kuwa ni wa nguvu, ulikuwa umejaa karibu wote. Wa pili, aliouita wa ubora, ulikuwa mfupi mno. Mjomba akaniuliza, "Mwanangu, nguvu imejaa, na televisheni yenyewe ni bora, nimeinunua juzi tu. Mbona picha haipo?" Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Makala haya ndiyo jibu refu.

Mfumo wa zamani na alama zake

Kenya ilianza kuwa na televisheni mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Matangazo hayo yote yalianza kwa mfumo uitwao analojia. Katika mfumo huo picha hugawanywa mistari 625, na picha kamili 25 hupelekwa kila sekunde. Wimbi lenyewe hupanda na kushuka kwa kufuata mwanga na giza la picha, kama kivuli kinavyomfuata mwenye nacho. Kwa sababu hiyo, kila lililolipata wimbi njiani lilionekana kiooni.

Wimbi likiwa dhaifu, nukta nyeupe zilitapakaa juu ya picha, na watu wakaziita chenga. Chenga, kama wajuavyo wasomaji, ni punje za mchele zilizovunjika; na yeyote aliyepata kuziona nukta zile atakubali kwamba aliyelitumia neno hilo mara ya kwanza alikuwa na jicho kali. Wimbi likigonga jengo refu na kufika mara ya pili kwa kuchelewa, palitokea sura ya pili pembeni mwa ile ya kwanza, mfano wa kivuli. Cheche za injini ya pikipiki zilileta michirizi. Basi picha ilikuwa kama mgonjwa anayejieleza mwenyewe: aliyekaa sebuleni aliuona ugonjwa, akamwita kijana aliye juu ya paa, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Dawa ilipatikana bila ya istilahi yoyote, maana jicho lilitosha.

Mfumo mpya

Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na sehemu za Asia zilipatana mjini Geneva kuhusu mpango wa masafa ya utangazaji wa dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa hayo. Tanzania ilianza kuizima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea na miji mingine. Kenya ilizima yake mwaka 2015.

Katika mfumo wa dijitali wimbi halifuati sura ya picha. Picha hupimwa nukta kwa nukta, vipimo vikaandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na wimbi huzichukua tarakimu hizo. Kila tarakimu moja huitwa biti. Picha ya kiwango cha kawaida ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani nukta 414,720. Kwa picha 25 kila sekunde twapata nukta 10,368,000. Na kila nukta ikielezwa kwa biti 16, jumla ni biti milioni 166 hivi kwa sekunde moja. Lakini masafa yaliyokuwa yakitumiwa na stesheni moja ya zamani, ambayo upana wake ni megahezi 8, huweza kuchukua biti milioni 30 hadi 40 tu kwa sekunde, hata kwa kutumia mfumo mpya zaidi uitwao DVB-T2, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2009. Jahazi halimtoshi hata abiria mmoja.

Ndipo ilipokuja hila ya kubana picha. Ukuta ulio nyuma ya msomaji wa habari hauna haja ya kupelekwa mara 25 kila sekunde. Hupelekwa mara moja, na baadaye hupelekwa mabadiliko tu. Vilevile mambo madogo ambayo jicho la mtu haliyatambui hupunguzwa. Kwa kazi hiyo picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, na katika mfumo uitwao MPEG-2 kila kipande kina nukta 8 kwa 8. Kwa njia hii stesheni yaweza kutosheka na biti milioni 2 au 3 kwa sekunde, na jahazi lile lile lililokuwa halimtoshi abiria mmoja likachukua kumi na zaidi.

Hapa yafaa kutambua matokeo mawili. Kwanza, stesheni zilizo katika masafa mamoja husafiri pamoja na huzama pamoja. Pili, kwa kuwa kiooni huletwa mabadiliko tu, kosa dogo lililotokea kwa kufumba na kufumbua laweza kuiharibu picha mpaka picha nyingine kamili itakapofika. Hiyo ndiyo sababu ya vile vipande vya mraba, na ndiyo sababu ya picha kuganda.

Ukingo wa mwamba

Mpelekaji hujua kwamba njiani biti zitaharibika. Kwa hiyo huongeza biti nyingine za akiba, zilizopangwa kwa hesabu, ili king'amuzi kiweze kugundua makosa na kuyasahihisha. DVB-T2 hutumia namna ya kusahihisha iliyobuniwa na Mmarekani Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960. Namna hiyo ilikaa miaka mingi bila kutumika, kwa kuwa mashine za siku zile hazikuwa na uwezo wa kuzifanya hesabu zake. Kadhalika, mwangwi wa majengo hauleti tena kivuli kiooni. Mawimbi membamba kwa maelfu hugawana mzigo, kila moja likichukua sehemu yake polepole, na kati ya fungu moja na jingine huachwa nafasi ndogo ili mwangwi upite bila kudhuru, maadamu haukuchelewa kupita kiasi.

Haya yote ni mema, lakini yana gharama yake. Makosa yakiwa machache, yote husahihishwa, na picha huwa sawasawa na ile iliyopelekwa. Yakizidi kiasi kidogo, bado husahihishwa, na mtazamaji haoni tofauti hata chembe. Yakizidi uwezo wa kusahihisha, picha huvunjika yote, na punde hakuna kitu. Mkaazi wa pwani atalielewa jambo hili kwa mfano wa maji kupwa. Mfumo wa analojia ulikuwa ufuo wa mchanga: mtu huingia baharini hatua kwa hatua, maji yakimfika magotini, kiunoni, kifuani, naye hujua wakati wa kurudi. Mfumo wa dijitali ni mwamba: hutembea juu yake maji yakiwa vifundoni tu, kisha hatua moja zaidi ni kilindi.

Basi chenga zilipotoweka, lilitoweka na onyo. Nyumba mbili zaweza kuwa na picha zilizo sawa kabisa, moja ikiwa mbali na ukingo na nyingine ikiwa imesimama ukingoni penyewe. Mvua ya masika ikinyesha, au mwembe wa jirani ukichipua majani, au hali ya hewa juu ya bahari ikileta mawimbi ya mnara wa mbali yasiyotakiwa, nyumba ya pili hupoteza picha na ya kwanza haina habari. Mwenye nyumba husema king'amuzi kimekufa, akaenda kununua kingine, nacho kikafa vilevile.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kwa kuwa jicho halitoshi tena, yatupasa kupambanua mambo matatu.

La kwanza ni nguvu ya mawimbi, yaani wingi wa nishati inayokifika king'amuzi kwa njia ya kebo. Mstari wa nguvu haubagui kilichomo: mawimbi ya stesheni yatakiwayo, makelele ya umeme, mawimbi ya minara mingine, yote huweza kuhesabiwa pamoja.

La pili ni lile ambalo mafundi huliita ubora. Mstari wake waonyesha jinsi mawimbi yatakiwayo yanavyojitenga na makelele, au jinsi makosa yalivyo machache. Huu ndio mstari unaotuambia tu mbali kiasi gani na ukingo wa mwamba.

La tatu ni ubora wa picha yenyewe, nao hutoka kwa mtangazaji. Hutegemea wingi wa nukta na idadi ya biti ambazo stesheni imepewa. Picha ya kiwango cha juu, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ina nukta 2,073,600, ambazo ni mara 5 kamili ya zile za picha ya kawaida. Lakini mtangazaji akipeleka nukta 414,720, hakuna antena wala televisheni duniani iwezayo kuziongeza zilizokosekana; kioo kikubwa hukisia tu na kuzijaza nafasi. Tena, stesheni iliyobanwa mno huonyesha miraba hata mapokezi yakiwa kamili, hasa katika mpira wa miguu au mawimbi ya bahari, ambapo kila kitu hubadilika kwa wakati mmoja. Miraba hiyo huonekana katika nyumba zote za mji kwa dakika ile ile, na tiba yake haimo darini kwa mtu yeyote.

Sasa twaweza kumrudia mjomba. Nilipopanda darini niliona kiungo cha kebo karibu na mlingoti kimeliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, na maji yamekwisha kuingia ndani. Mawimbi yalidhoofika hapo, yakawa karibu kulingana na makelele. Busta ilikuwa sebuleni, nyuma ya televisheni, yaani baada ya ubovu. Iliyapokea mawimbi yaliyokwisha changanyika na makelele, ikavikuza vyote viwili pamoja, na yenyewe ikaongeza makelele yake. Ni kama kukitia maji kikombe cha maziwa yaliyoingia mchanga: kikombe hujaa, lakini mchanga umo. Nguvu ilipanda, usafi haukupanda. Tulikata sehemu mbovu, tukaweka kiungo kipya na kukiziba vizuri, tukaiondoa busta. Mstari wa nguvu ukashuka chini ya ulivyokuwa, ule wa pili ukapanda, na picha ikarudi. Mjomba alistaajabu kuona kwamba nguvu imepungua na picha imepatikana.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Kutokana na hayo, mwenye nyumba aweza kufuata utaratibu ufuatao kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, na aangalie ni stesheni zipi zilizoharibika. Ikiwa ni moja tu, na nyingine za masafa yale yale ni nzima, yaelekea kosa ni la mtangazaji, au ni la malipo ikiwa stesheni hiyo ni ya kulipia. Ikiwa ni zote za masafa mamoja, kosa ni la mapokezi ya masafa hayo. Ikiwa ni zote kabisa, na aanze na kebo na viungo vyake. Na amuulize jirani pia, maana jirani ni kipimo kisicho na gharama.

Pili, antena na iinuliwe juu, ielekezwe kwenye mnara, na vijiti vyake vilale au visimame kama ilivyo mitambo ya mnara huo. Antena za majirani wanaopata picha njema huonyesha. Antena haijui dijitali wala analojia. Hujua masafa tu. Ile ya zamani iliyotengenezwa kwa masafa ya UHF yafaa hata leo ikiwa haikuoza. Neno "dijitali" lililoandikwa juu ya kasha lake haliongezi kitu ila bei.

Tatu, kebo na iwe fupi iwezekanavyo. Kebo ya kawaida yenye urefu wa mita 15 hupoteza karibu nusu ya nguvu katika masafa hayo, na iliyoingia maji hupoteza zaidi. Busta ikihitajika kweli, mahali pake ni juu mlingotini, karibu na antena, kabla ya hasara ya kebo. Karibu na mnara busta yaweza kudhuru, maana nguvu iliyozidi hukilemea king'amuzi.

Nne, usafi na upimwe wakati picha ni njema, wala si siku ya msiba. Mstari ukiwa unachezacheza karibu na mahali picha inapokatika, antena na irekebishwe siku hiyo hiyo, kabla ya masika.

Wenye kupokea kwa ungo kutoka setilaiti wafuate kanuni zile zile, na moja zaidi. Setilaiti hizo zipo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawimbi ya masafa ya gigahezi 11 na 12 yatumikayo sana majumbani hunywewa na mvua kubwa. Ungo uliokazwa kwa uangalifu hurudisha picha mvua inapopungua. Uliokazwa nusunusu hupoteza picha kwa wingu tu.

Juu ya maneno

Sasa nalifikia jambo linalowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Neno king'amuzi ni mfano wa istilahi njema. Limetokana na kitenzi kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, nacho chombo hicho hufanya kazi hiyo hasa: hutambua tarakimu zilizofichwa ndani ya wimbi. Halikuhitaji kufundishwa, lilipita sokoni likakubaliwa. Kitenzi kuganda nacho kimekaa mahali pake, maana picha haikatiki tu, bali hushikwa palepale ilipokuwa, kama samli wakati wa baridi.

Lakini neno ubora kwa ule mstari wa pili halifai, na hapo ndipo nilipo na shaka na mafundi. Limefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na katika kufasiriwa limechanganya jambo la pili na la tatu. Mtu akisikia "ubora ni mdogo" hufahamu kwamba picha si nzuri, au kwamba televisheni yake ni duni, akaenda kununua iliyo bora. Kumbe mstari huo hausemi lolote juu ya uzuri wa picha: ukisoma 60 au 95, picha ni ile ile, madhali ukingo haujafikiwa.

Napendekeza tuseme usafi wa mawimbi. Huenda mtu akanijibu kwamba watu husema pia "picha safi", na kwa hiyo mchanganyiko utabaki. Sidhani. Tusemapo maji safi hatusemi kwamba ni matamu wala kwamba ni mengi, bali kwamba hayakuchanganyika na kisichotakiwa. Na hicho ndicho kinachopimwa na mstari ule. Hivyo basi tungekuwa na maneno matatu kwa mambo matatu: nguvu kwa wingi wa mawimbi, usafi kwa kutochanganyika kwake, na ubora kwa picha itokayo kwa mtangazaji. Aliye nayo matatu haya aweza kumwuliza fundi swali linalostahili jibu. Asiye nayo hununua busta.

Nilipoagana na mjomba nilimweleza haya kwa ufupi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe tatizo halikuwa uchache wa maji, lilikuwa uchafu wake." Sikuwa nimemtajia mfano wa maji hata kidogo. Nawaachia wataalamu wa lugha walipime neno hilo, walikubali au walete lililo bora kuliko hilo. Lakini lisiachwe kama lilivyo, maana kila masika kuna anayelipia kosa la tafsiri.